Hodi ya Saa Nane

Siku tulipomkuta mkunga wa mtaa wetu amepotewa na sauti ilianza kama Jumanne nyingine yoyote. Nilinyoa ndevu, nikafagia kibaraza, nikaenda kwa kinyozi kusoma gazeti lake bila kulinunua, kama nilivyozoea tangu nilipostaafu. Kwa miaka thelathini na minne nilikuwa mpanga herufi katika kiwanda cha uchapaji. Niliokota herufi za madini ya risasi moja moja, nikazipanga kinyumenyume, mpaka jina la mtu likatimia. Kazi hiyo humfundisha mtu kuheshimu majina. Ukikosea herufi moja kwenye tangazo la msiba, umemzika aliye hai.

Mtaa wetu ulikuwa na nyumba arobaini, ishirini kila upande wa barabara ya vumbi. Mwisho wa barabara ilikuwepo shule ya msingi, na hapo mdogo wangu alifundisha hesabu. Wanafunzi walimwita Rula, kwa sababu alitembea amenyooka na hakuvumilia mstari uliopinda. Jina likatoka darasani, likaingia mitaani, mpaka mkewe naye akawa anamwita hivyo. Mimi sikumwita Rula hata siku moja. Baba alimpa jina lake mbele yangu, nikiwa na miaka kumi na miwili, na jina hilo ndilo nililomwitia. Alilijua hilo. Alizoea kuwaambia watu, "Kaka yangu ndiye mtu pekee duniani anayenifanya nijisikie nimo kwenye cheti cha kuzaliwa."

Mwaka ule alikuwa amejiandikisha kugombea uenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti aliyekuwepo alikikalia kiti kwa miaka kumi na tano, na mara mbili za mwisho alipita bila mpinzani. Kura zilikuwa zimebaki wiki sita.

"Mdogo wako anapita," kinyozi aliniambia asubuhi ile, huku akinoa wembe. "Hata mke wangu atampa kura, na mke wangu hajakubaliana nami jambo lolote tangu siku ya ndoa."

Tulikuwa bado tunacheka jirani wa mkunga aliposimama mlangoni. Hakuwa na kiatu hata kimoja mguuni.

*

Tulimkuta mkunga ameketi kwenye kigoda, sebuleni kwake. Alikuwa mwanamke mwenye sauti nzito. Nusu ya watu wa mtaa walizaliwa wakiisikia sauti hiyo ikiwaamuru mama zao wasukume. Katika mkutano uliopita yeye ndiye aliyesimama kumuuliza Mwenyekiti kwa nini kikao cha kusoma mapato na matumizi hakijafanyika mwaka wa tatu sasa. Leo mdomo wake ulifunguka na kufumbika. Hakikutoka kitu. Siku ile ya joto alikuwa amejifunga mtandio shingoni, umekazwa.

Ilisemekana kuwa jana yake, saa nane mchana, watu wazima wakiwa kazini na watoto shuleni, mtu alipiga hodi kwake kwa sauti ya mama yake mzazi. Mkunga akaitikia karibu, akafungua. Mama yake alikuwa amefariki miaka tisa iliyopita.

Nilijaribu kujua ni nani hasa aliyeisikia sauti hiyo. Kila niliyemuuliza alinielekeza kwa mwenzake.

Wiki iliyofuata ikawa zamu ya fundi baiskeli. Huyu alikuwa amebandika picha ya mdogo wangu ukutani mwa kibanda chake. Alikutwa saa tisa, amekaa katikati ya spoki zake, mdomo unafunguka na kufumbika. Ukutani ilibaki gundi tu.

Baada ya hapo kila nyumba ilikuwa na hodi yake. Mjane wa nyumba ya pembeni alimsikia marehemu mumewe akiomba taulo. Mwenye duka alimsikia mwanawe aliyeko safarini. Kinyozi alijaribu kutuchekesha: "Kama kinachukua sauti za watu, kingeanza kwa mama mkwe wangu, ningekifungulia mwenyewe." Hakuna aliyecheka. Siku ya pili yake alifunga duka saa sita na nusu, akaenda kukaa ndani.

Mtu akifika saa nane sasa, akasema hodi, hakuitikiwa. Ukipita barabarani saa hiyo unasikia makomeo yakishushwa, moja baada ya jingine, mbele yako, kana kwamba wewe ndiye unayeyashusha.

*

Mwenyekiti aliitisha mkutano katika darasa la sita. Alikuwa mtu mpole wa kuongea. Ilibidi watu wainame mbele ili wamsikie.

"Mimi sisemi kuna kitu," alisema. "Mimi si mganga. Ninachosema ni kwamba kila mtu ausimamie mlango wake. Na tusiaminiane ovyo kwa sasa. Hata ndugu. Hasa ndugu, maana inaonekana kinakuja na sauti za ndugu."

Akasema ameteua walinzi wanane watakaozunguka mchana. Watu wakapiga makofi. Hakuna aliyeuliza walinzi hao wanalipwa na nani, wala wanatoka wapi. Hatukuwajua.

Hapo ndipo mimi nilipofanya kosa la maisha yangu. Nilinyoosha mkono. Nilisema kuna njia ya kumtambua mgeni kabla ya kufungua. Anayepiga hodi atakiwe kutaja majina yake matatu, lake, la baba na la babu, kwa ukamilifu na kwa mpangilio. Sauti inaweza kuigwa, nikasema, lakini jina kamili la mtu si kila mtu analijua. Asiyeyataja asifunguliwe, hata akilia.

"Hayo ndiyo mawazo ya msomi," Mwenyekiti alisema. Alinishika mkono mbele ya watu wote. "Na iwe sheria."

Mdogo wangu alinisindikiza nyumbani. Tulipofika kibarazani akanigeukia.

"Kaka," alisema, "yule alikuwa na mlango tu. Wewe umempa kufuli."

"Nimewapa watu kitu cha kujikinga nacho."

"Kujikinga na nani? Na mimi?" Alitabasamu, lakini macho yake yalikuwa yamechoka. "Wanafunzi wangu wananiuliza majina matatu kabla sijaingia darasani. Wanacheka. Halafu ukiwatazama unaona hawachezi."

*

Siku mbili baadaye nilikwenda kumjulia hali mkunga, asubuhi, nikiwa na kilo ya sukari. Mimi ni mgane, naye ndiye aliyemhudumia marehemu mke wangu katika siku zake za mwisho, kwa hiyo nilikuwa na deni la heshima kwake. Alifunga mlango nyuma yangu. Alichomoa kalamu kwenye mfuko wa shati langu, bila kuomba, akachukua kipande cha karatasi.

Aliandika: *Alivaa viatu. Vimepigwa kiwi.*

Kisha chini yake: *Walikuwa wawili.*

Akafungua mtandio. Shingoni mwake kulikuwa na alama pande zote mbili, zimeanza kugeuka rangi ya njano. Niliona mahali kila dole gumba lilipokaa.

Nilielewa. Sitajifanya sikuelewa. Nilielewa palepale, kama ninavyoelewa maandishi yaliyopangwa kinyume. Nikachukua ile karatasi, nikaenda jikoni kwake, nikaichoma kwenye jiko la mkaa. Nilijiambia nafanya hivyo kwa ajili ya usalama wake. Yeye alisimama mlangoni mwa jiko akinitazama. Karatasi ilipokwisha, alirudi sebuleni, akajifunga mtandio wake.

Jioni nilimweleza mdogo wangu. Alisimama. Akakaa. Akasimama tena.

"Karatasi iko wapi?"

"Nimeichoma."

Hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Alisema tu, "Basi ataandika nyingine."

Mwenyekiti alikuwa ameitisha mkutano mwingine, wa Jumamosi. Ajenda ilikuwa moja: kuahirisha kura mpaka hali itulie. Watu wenyewe ndio waliomwomba. Niliwasikia kwa masikio yangu wakisema, "Kura ya nini wakati hata mlango hatuwezi kufungua?" Mdogo wangu alikwenda kwa mkunga, wakakubaliana. Jumamosi angemleta mbele ya darasa, ampe chaki, naye aandike ubaoni alichokiona, kwa herufi kubwa, kila mtu asome. Fundi baiskeli hakujua kuandika, lakini alikubali kusimama kando yake.

"Wakisoma wote kwa pamoja," mdogo wangu aliniambia, "kitakufa. Kitu cha namna hii hakiwezi kusomwa na watu mia kwa mara moja kikabaki hai."

Alikuwa na furaha. Nataka hilo lijulikane. Siku ya Alhamisi nilimwona akipita barabarani, amenyooka, akiimba jedwali la kuzidisha la saba.

*

Ijumaa, saa nane na dakika tano, nilikuwa peke yangu ndani. Komeo nilikwisha kulishusha. Barabara ilikuwa kimya kabisa.

"Hodi."

Ilikuwa sauti ya chini sana. Karibu na mbao.

Sikujibu.

"Hodi, kaka. Nifungulie."

Ilikuwa sauti yake. Hasa sauti yake, lakini imekatika pumzi. Nilisogea mpaka mlangoni.

"Taja majina," nikasema.

Nilisikia pumzi nje ya ubao.

"Taja majina matatu."

"Siwezi kuyataja hapa," ilinong'ona. "Wanayo. Wanayaita kila nyumba. Nifungulie, kaka. Ni mimi. Rula."

Rula.

Mdogo wangu hakuwahi kujiita Rula mbele yangu. Hata mara moja. Alijua. Angejua.

"Rula ni nani?" nikasema. "Taja majina."

Mbali, upande wa shule, nilisikia viatu. Vilikuwa vizito. Havikukimbia. Nilisikia mtu akitaja jina la mdogo wangu, kamili, majina yote matatu, kwa mpangilio, kama karani anayesoma orodha. Kisha nikamsikia akilitaja tena mbele ya nyumba iliyofuata.

Nilielewa pia. Hata hilo nililielewa. Aliyekuwa mlangoni alikuwa akilikimbia jina lake mwenyewe, maana kulitaja kungewaleta.

Na bado mkono wangu haukwenda kwenye komeo.

Naandika haya nikiwa na miaka themanini na mmoja, na nimejaribu kwa miaka mingi kulitafutia jambo hili sababu. Kichwa kilijua. Kichwa kilisema, fungua, ni yeye. Lakini wiki nne za kusikia hodi zisizoitikiwa zilikuwa zimeingia mwilini, na mwili haukungoja kichwa. Mkono uliinuka. Ukajibandika kwenye mlango, juu kidogo ya komeo, vidole vimetanuka. Na ukasukuma. Nilikuwa nauzuia mlango usifunguke, ilhali ulikuwa umekwisha kufungwa.

Upande wa pili nilihisi joto. Yeye naye alikuwa ameweka kiganja pale pale. Ubao ulikuwa mwembamba.

"Kaka, unanijua," ilisema.

Viatu vilikaribia.

Kisha, kwa ile sauti aliyokuwa akinitumia tangu utotoni akiniomba radhi, ilisema, "Basi, kaka. Usijisumbue."

Joto likaondoka.

Nilimsikia akipiga hodi nyumba ya pili. Hakuitikiwa. Nyumba ya tatu. Ya nne. Alivuka barabara. Nilisikia hodi zake zikishuka mtaa mzima, kwa kinyozi, kwa mwenye duka, kwa mjane, kila moja ikiwa chini kuliko iliyotangulia. Nyuma yake viatu vilitembea taratibu, kama vya watu wasio na haraka kwa sababu wanajua hakuna mlango utakaofunguka.

Sikusikia kelele. Nilingoja kelele. Hazikuja.

Saa kumi nilifungua. Kibaraza kilikuwa kitupu.

*

Shemeji yangu, mke wa mdogo wangu, alikuja jua likiwa bado juu. Alikuwa na unga mikononi.

"Shemeji, Rula hakupita hapa?"

Nilimtazama usoni.

"Hakupita," nikasema.

Alikwenda nyumba ya pili akauliza. Nilimwona akienda nyumba zote. Kila mlango ulifunguliwa nusu, na kila mtu alitikisa kichwa.

Jumamosi darasa la sita lilijaa. Mkunga alikuja. Alitembea mpaka mbele, akachukua chaki. Fundi baiskeli alisimama kando yake. Wale walinzi wanane walikuwa wamejipanga ukutani, na nilipotazama chini niliona viatu vyao, viking'aa. Kila mtu aliviona. Ninajua kila mtu aliviona, kwa sababu hakuna aliyebaki akitazama chini.

Mkunga alimtafuta mdogo wangu kwa macho. Mstari kwa mstari, benchi kwa benchi. Kisha akanitafuta mimi. Nilikuwa natazama mikono yangu.

Aliirudisha chaki mahali pake. Akafuta vumbi vidoleni, akatoka. Ubao ulibaki mweusi.

"Mwalimu wetu ameondoka mjini bila kuaga," Mwenyekiti alisema kwa upole. "Tumwombee. Sasa, wanaokubali kura iahirishwe, wanyooshe mikono."

Ilinyooka yote. Wa kwangu ulikuwemo. Shemeji yangu peke yake ndiye aliyekaa na mikono mapajani, akiwageukia watu mmoja mmoja, kama anayejaribu kuwahesabu.

Kura hiyo haijapigwa mpaka leo. Mwenyekiti alikaa mpaka alipokufa kitandani kwake, kisha akakaa mwanawe. Baada ya Jumamosi ile hodi za saa nane zilikoma. Hakuna aliyepotewa na sauti tena. Hapakuwa na haja.

*

Miezi mitatu baadaye niliona doa upande wa ndani wa mlango wangu, juu kidogo ya komeo. Nilidhani ni unyevu. Nikalisugua kwa msasa, nikapaka rangi. Asubuhi lilikuwa limerudi, na sasa lilikuwa na vidole. Kiganja kamili, kimezama ndani ya ubao kina cha ukucha, bila kuvunja rangi wala nyuzi za mbao.

Nikamwita seremala. Alilitazama, akapima mlango. Alinitengenezea mlango mpya wa mbao nene. Ulikaa siku moja.

Aliporudi kuutazama, aliketi kibarazani akavua kofia.

"Mzee," alinong'ona, "nimebadilisha milango ishirini na sita mtaani humu tangu mwezi uliopita. Sitaki kubadilisha tena."

"Yote hivi?"

"Yote. Na yote kwa ndani. Nje hakuna kitu."

Shemeji yangu alikuja mara moja tu. Alikuwa anahama, akirudi kwao, na alikuja kuaga kama inavyopasa. Nilimpa kiti. Hakukaa. Alikuwa ameuona mlango.

Aliusogelea. Aliutazama ule mkono kwa muda mrefu, kisha akautazama wangu, uliokuwa gotini. Hakuniuliza kitu. Ningemjibu, siku ile. Naamini ningemjibu. Aliweka kiganja chake juu ya ile alama, taratibu, kama mtu anayepima homa ya mtoto, halafu akakiondoa. Kilikuwa kimelowa. Alikinusa.

"Jasho," alisema.

Akajifuta kwenye kanga yake, akatoka. Hakuufunga mlango.

Ni kweli. Huanza saa nane na dakika tano. Hutoka kwanza kwenye ncha za vidole, kisha katikati ya kiganja, halafu hutiririka mpaka kwenye komeo, na usipolipangusa hufika sakafuni. Lina chumvi. Nimekwisha kulionja.

Kinyozi alifariki, mwenye duka alifariki, mjane naye alifariki. Nyumba zao zimeingiwa na wapangaji wengine, wengi wao hawakuwa wamezaliwa Ijumaa ile. Hakuna aliyewasimulia. Lakini dirisha langu linatazama barabara, nami huwaona. Saa nane inapokaribia huingia ndani, mmoja mmoja, na kufunga. Barabara hubaki tupu kabisa. Kisha, kupitia mapazia, nyumba kwa nyumba, huona kivuli cha mtu kimesimama nyuma ya mlango, na kitambaa mkononi, kinafuta.